Kufufuliwa kwa Frank Poole

Watunzi wa tenzi za kale walikuwa na desturi njema. Walipofika mwisho walitamka wazi kwamba hapa ndipo tamati, wakajiombea dua wao na wasomaji wao, kisha kalamu ikawekwa chini. Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyehamia Sri Lanka mwaka 1956 na kuishi huko hadi kufa kwake mwaka 2008, hakuwa na desturi hiyo. Riwaya yake ya 2001 ilitoka mwaka 1968. Ikafuatwa na 2010, kisha 2061, na hatimaye mwaka 1997, mzee akikaribia umri wa miaka 80, ikaja 3001.

Ile ya kwanza niliisoma nikiwa mwanachuo wa ualimu, nakala iliyokwisha poteza jalada. Inaanzia hapa kwetu Afrika, miaka milioni 3 iliyopita, wakati wa ukame. Viumbe walio nusu sokwe, nusu watu, wanakufa njaa ilhali wanyama wamewazunguka tele. Usiku mmoja wanaletewa jiwe lenye umbo la mche mstatili, ambalo vipimo vyake ni 1, 4 na 9, yaani vipeo vya pili vya 1, 2 na 3. Jiwe linawafunza kuua ili wale. Aliyelituma hatajwi, wala hatumwoni. Nilifundisha fasihi kwa miaka mingi baadaye, na kila nilipotaka kueleza maana ya taharuki nilikumbuka lile jiwe lisilosema neno.

Humo ndimo anamofia Frank Poole. Yuko nje ya chombo akitengeneza antena, na kompyuta iitwayo Hal, iliyoagizwa kuwaficha wasafiri siri na wakati huohuo kuwaambia kweli, inamuua. Mwili wake unatupwa mbele, ukitangulia chombo kuelekea Zohali, na mwenzake Bowman anabaki akiutazama ukitokomea. Basi. Kifo kile kimeandikwa kwa maneno machache, na ndicho kinachoupa upweke wa Bowman uzito wake.

Sasa sikia ya 3001. Baada ya miaka elfu moja, maiti ya Poole inaokotwa mbali kabisa, ikiwa imeganda, nayo inafufuliwa. Poole anaamka, anazungumza, anatembezwa kama mgeni wa heshima. Anaonyeshwa kofia ya kuunganisha ubongo na mashine, ambayo ili uivae sharti unyoe kipara. Anaonyeshwa minara inayopanda kutoka ikweta hadi kilomita 36,000 angani, mmoja wao ukiitwa Mnara wa Afrika. (Nilifurahi, sikatai. Lakini ni mnara wa Afrika usio na Mwafrika wa kukumbukwa.) Anastaajabu kidogo, anazoea, anaendelea. Mtu aliyepoteza mama, rafiki, lugha ya mtaa wake na kila kaburi alilowahi kulizuru, mwandishi anamruhusu kuomboleza kurasa chache tu!

Na lile jiwe? Linabainika kuwa mashine ya kutoa taarifa kwa wakubwa wake, walio umbali wa miaka ya nuru 450. Wanadamu wanaliangamiza kwa kirusi cha kompyuta. Msomaji aliyengoja miaka 29 anapewa suluhisho la fundi wa ofisini.

Sisemi kwamba uzee ulimdhoofisha Clarke. Sentensi zake bado ni safi, na akili bado inachangamka kila anapoeleza jinsi mnara unavyoweza kusimama. Alichokosa ni mtu wa kumwambia: mwache Poole huko aliko.

Nayasema haya kwa sababu baadhi yenu, wasomaji wangu, mnaniuliza kila mara lini nitauendeleza utenzi wangu wa Mwanaidi, binti aliyezama baina ya Pemba na Tanga. Mnataka arudi. Wachache mnajua kwamba niliutunga mwaka niliomzika mdogo wangu, aliyenifuata ziwa moja. Hakuna kati yenu anayetaka arudi kuliko mimi. Zipo beti 43 katika daftari langu, ambamo mvuvi anamkuta hai kisiwani, mvi zimemtoka, bado akilikumbuka jina la kaka yake. Vina vimekaa, mizani haipungui wala haizidi. Nimezisoma mara nyingi baada ya isha, nyumba ikiwa imetulia, na kila mara nikifika pale anapoliita jina hilo hushindwa kuendelea.

Juma lililopita nilimaliza 3001 kwa mara ya pili. Nikalifunga daftari kwa kamba, nikaliweka juu ya kabati pamoja na vyeti vya marehemu. Mwanaidi bado yuko baharini, na utenzi una beti zilezile 210 mlizozisoma.