Wenzi wa Safari Uzeeni: Kutoka Migori Hata Homa Bay

Mtu atokaye mjini Migori kwenda Homa Bay, akishika barabara kuu ipitayo Awendo na Rongo, aweza kufika kabla jua halijawa kali. Njiani ataona mashamba ya miwa na matrekta yakivuta mizigo kwenda kiwandani, na mwisho ataliona Ziwa Victoria likimetameta chini ya kilima cha Asego. Mwendo huo wamfaa mtu mwenye shughuli. Walakini nchi iliyo kati ya miji hiyo miwili haijulikani kwa mwendo wa namna hiyo. Yataka kuendewa kwa utaratibu, siku mbili au tatu, na watu wenye nafasi ya kufanya hivyo ni wale waliokwisha kustaafu. Ajabu ni kwamba hao ndio wasiosafiri.

Kazi yangu ya ukarani hunikutanisha na wazee wajao kufuatia malipo yao ya uzeeni. Wakiulizwa kwa nini hawatembei, wengi husema kwamba miguu imechoka. Ukikaa nao zaidi utasikia sababu nyingine. Mmoja alizoea kusafiri na ndugu yake, na ndugu huyo amefariki. Mwingine alikuwa akienda kila mahali na mkewe, na tangu alipomzika hajavuka mto Kuja. Wa tatu anazo nguvu, ila watoto wake walio mjini wamemkataza kutoka peke yake. Basi miguu ingaliko. Mwenzi wa njia ndiye hayupo.

Miongoni mwao yuko Jaduong' mmoja wa miaka 68, aliyekuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika uwanja wa mashindano wa Ngong huko Nairobi. Mzee huyu alikuwa na tamaa moja ambayo wenziwe waliicheka. Alitaka kupanda farasi pamoja na wazee wa rika lake na kuizunguka nchi ya kwao, tangu Migori hata ziwani. Alikuwa amewaona wageni wenye mvi, waume kwa wake, wakitoka Nairobi kwenda kufanya safari za farasi, nao hawakuwa na haya kwa uzee wao.

Tamaa hiyo haikuwa ya kipumbavu. Katika Kenya zipo safari za farasi za siku nyingi, hasa Maasai Mara na Laikipia, na huko Ulaya watu wengi hupanda farasi hata baada ya kustaafu. Wenye kuziandaa humpokea mtu aliye peke yake na kumtia katika kundi la wengine. Lakini kwanza humwuliza maswali: uzito wake, afya yake, na kiasi cha ujuzi wake wa kupanda. Katika nchi yenye simba na tembo, mpandaji asiyeweza kukimbiza farasi huwatia wenziwe wote hatarini. Kwa hiyo kundi hupangwa kwa watu wanaolingana mwendo. Kulingana umri si sharti.

Hata hivyo mambo mawili yalimzuia Jaduong'. La kwanza ni gharama, kwa kuwa safari hizo hulipishwa fedha nyingi ambazo malipo ya uzeeni ya saisi hayazifikii. La pili ni mdudu. Kati ya Homa Bay na milima ya Gwassi liko bonde la Lambwe, na bonde hilo tangu zamani ni makao ya mbung'o. Mbung'o huleta malale kwa wanadamu na nagana kwa wanyama, na katika wanyama wa kufugwa farasi ni dhaifu mno mbele ya nagana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka Lambwe na watu wakaugua. Namshukuru Mungu kwamba kazi ya miaka mingi ya mitego, dawa na upimaji imezaa matunda, hata mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma katika Kenya. Lakini nagana ya mifugo haijakwisha. Saisi mwenyewe alisema, "Nimewatunza farasi maisha yangu yote, siwezi kumpeleka mmoja mahali pa kumwua."

Basi akaacha farasi, ila hakuacha safari. Alisema kwamba sheria za farasi zaweza kumfaa mtu aendaye kwa gari na kwa miguu. Farasi hapendi kubaki peke yake. Wenziwe wakiondoka hulia na kuzunguka-zunguka mahali pamoja. Tena kundi la wapandaji huenda kwa mwendo wa yule asiyejiweza sana, wala si kwa mwendo wa hodari. Na kabla ya kuondoka, saisi hukagua kwato na mikanda yote, kwa maana kasoro ndogo nyumbani huwa balaa njiani.

Sasa wenzi watapatikana wapi? Jambo hili lilinifanya nifikiri sana juu ya desturi zetu. Katika Migori na Homa Bay hakuna mzee asiyekuwa na kundi. Wako katika vyama vya mazishi, vya kanisa, na vya ushirika. Mtu akifa hukusanyika mara moja: huyu ataleta hema, yule atatafuta gari, mwingine ataandika michango, na watu mia wataandamana usiku kucha kumfikisha marehemu kwao. Tunajua sana kuandamana na mtu akiwa katika sanduku. Kuandamana naye akiwa hai, tukacheka naye na kuona nchi, hatujajifunza.

Jaduong' alitafuta mahali pale pale. Baada ya kikao cha chama chao cha mazishi alisimama akasema kwamba anatafuta watu wa kwenda naye Homa Bay kwa siku tatu, na kwamba hakuna aliyekufa. Watu wakacheka. Lakini jioni ile wakamjia watu watatu: mkulima wa miwa wa Awendo, mjane wa miaka 70, ambaye ndiye yule asiyevuka mto tangu mazishi ya mkewe; na mwalimu mstaafu, mwanamke wa Rongo, pamoja na dada yake, kwa sababu hakuona vema kusafiri peke yake kati ya wanaume. Mimi niliombwa niwe mwandishi na mshika fedha, nikachukua likizo yangu.

Kabla ya kuondoka tulikaa mchana mmoja. Kila mtu alitoa sehemu yake sawa na mwenziwe, na fedha zikaandikwa. Kila mtu alitaja ugonjwa wake na dawa zake mbele ya wengine, maana dawa ya shinikizo la damu isiyojulikana na mwenzi haisaidii mtu aangukapo. Tukapatana pia kwamba asiyetaka kupanda kilima asilazimishwe, na apandaye asichekwe. Mwalimu aliwapigia simu watoto wa mkulima na kuwasomea majina ya wote, nao wakaridhika. Hawakuogopa safari, waliogopa baba yao kuwa peke yake.

Siku ya kwanza tulikwenda kwa gari la kukodi hata Thimlich Ohinga, mahali palipo kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa na watu wa kale, yamkini katika karne ya 16, bila udongo wala saruji. Mahali pengine kuta hupita mita tatu kwenda juu. Mjenzi alipanga mawe ya nje na mawe ya ndani, kisha akayafunga kwa mawe madogo ya katikati, na uzito wenyewe ndio uliozisimamisha kuta hizo kwa mamia ya miaka. Mwaka 2018 UNESCO iliyatia maboma haya katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Milango yake ni mifupi kwa makusudi, ili adui aingie ameinama. Mzee naye hana budi kuinama, na hapo ndipo nilipoona faida ya mwenzi. Mkulima alisita mlangoni, akishika kiuno. Saisi aliichukua fimbo yake, akapita kwanza, akamnyoshea mkono kutoka upande wa pili. Hakuna aliyesema neno. Kijana angalifanya vivyo hivyo, lakini kijana angalimvuta. Mzee mwenziwe alimngoja.

Usiku tulilala Homa Bay. Tulikula ngege kwa kuon, yaani ugali, na mboga za kienyeji, na wazee wakaongea hata saa nne juu ya meli zilizokuwa zikisimama gatini zamani. Asubuhi saisi na dada wa mwalimu walipanda kilima cha Asego. Sisi wengine tulikaa ufukoni tukitazama wachuuzi wa omena. Waliporudi kila kundi lilikuwa na habari za kuwapa wenzao. Wenzi hawalazimiki kufanya yote pamoja, bali wawe na mahali pa kukutana na saa ya kukutania.

Siku ile ya pili tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyo ndani ya bonde lile la Lambwe. Ilianza kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 120. Ni nchi ya nyasi ndefu, na ng'ambo yake ni milima. Humo wako twiga na vifaru, lakini sifa yake kubwa ni korongo, mnyama mkubwa wa jamii ya swala mwenye masikio marefu na pembe zilizopinda nyuma. Katika Kenya yote, korongo wa porini wamebaki hapo tu, nao ni wachache sana.

Hapo palikuwa na jambo la kumfurahisha saisi wetu. Nilimweleza kwamba wataalamu humwita korongo Hippotragus equinus, na maneno hayo ya Kiyunani na Kilatini maana yake ni mbuzi-farasi afananaye na farasi. Basi bonde lililowakataa farasi limemhifadhi mnyama mwenye jina la farasi. Na yamkini ni mbung'o yule yule aliyemhifadhi, kwa kuwa kwa miaka mingi aliwazuia watu na ng'ombe wasilijaze bonde. Tulikaa ndani ya gari karibu saa mbili. Kijana angalichoka na kutaka kwenda mbele, lakini wazee hawakuwa na haraka. Mwisho mwalimu akaona pembe mbili juu ya nyasi, kisha shingo, kisha mnyama mzima. Saisi alimtazama kimya, ndipo akasema, "Mabega yake ni ya farasi kweli." Mkulima wa Awendo akasema kwamba mkewe angalipenda kuona haya. Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya marehemu tangu tulipoondoka, na mwalimu akamwuliza habari zake, naye akazisimulia njia nzima ya kurudi.

Siku ya tatu tulikwenda ziwa la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Ni ziwa dogo la mviringo lililomo katika shimo la volkeno ya kale, maji yake ni ya magadi, na mara nyingi heroe hukusanyika humo kula. Waluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu wakiwa katika karamu alikuja bibi kizee msafiri, amechoka, akiomba mahali pa kupumzika. Walimfukuza wote isipokuwa mwanamke mmoja. Bibi huyo akamwambia mwanamke yule aondoke upesi pamoja na jamaa yake, na nyuma yao maji yakakifunika kijiji. Jina lenyewe lakumbusha kuzama huko.

Wazee niliokuwa nao waliijua hadithi hii tangu utoto, na zamani waliisikia kama onyo juu ya ukarimu. Safari hii waliisikia kwa sikio jingine. Mwalimu alisema, "Zamani nilijiona katika wale wa karamu. Leo najiona katika yule kizee." Tena akauliza kwa nini mama yule alikuwa akisafiri peke yake usiku. Hakuna aliyejibu, lakini naamini kila mmoja alijibu moyoni.

Ndugu wasomaji, walio wakulima na walio makarani wenzangu, wote tunauendea uzee. Tunaweka akiba ya fedha, na hilo ni jema. Yafaa tuweke na akiba ya wenzi. Asiyekuwa nao aanze pale pale watu wanapomfahamu, katika chama chake cha kanisa, cha ushirika au cha mazishi, wala asingoje rafiki wa ujana arudi kutoka kaburini. Atafute mtu wa mwendo wake, si lazima wa kabila lake wala wa cheo chake. Aanze kwa safari ya siku moja, ili wajuane kama wanaweza kungojana. Na ninyi mlio watoto wa wazee, msimfungie baba nyumbani kwa jina la upendo. Mtafutieni mwenzi, kisha mwacheni aende. Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa, mwenziwe yuko karibu.

Jaduong' wetu amekwisha kutangaza safari nyingine, ya kwenda Mbita na kuvuka daraja hata Rusinga. Majina yaliyoandikwa sasa ni tisa, na la kwanza katika karatasi ni la mkulima wa Awendo.