Mmea wa Nyumbani

"Mwalimu, chukua hii zizi," aliniambia kijana auzaye miche kando ya barabara, hapa Tanga. "Haina masharti."

Nilicheka. Katika miaka yangu 36 ya kufundisha Kiswahili, zizi nililolijua ni la ng'ombe. Kijana alikuwa akitamka herufi mbili za Kiingereza, ZZ, kifupisho cha jina la kisayansi: Zamioculcas zamiifolia. Nililipa, nikaupakata mche wangu hadi nyumbani.

Kijana hakunidanganya. Mmea huu hukua taratibu, hautambai ukutani wala hautaki nafasi kubwa. Majani yake ni manene, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Nimeuweka sebuleni, hatua chache kutoka dirishani, kwa sababu hupenda mwanga ilhali jua kali huunguza majani. Maji huupa mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, nikisha kutia kidole kwenye udongo na kuhakikisha umekauka. Chungu chake sharti kiwe na matundu chini. Adui yake mkubwa ni mkono wenye huruma: chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, na ukiumwagilia kila siku huoza. Mwezi wa kwanza nilikaribia kuuangamiza hivyo. Majani yalipogeuka manjano, niliung'oa, nikakata palipooza, nikaupanda upya katika udongo mkavu uliochanganywa na mchanga. Ukapona.

Ulipopona, nilitaka kuujua. Mtaalamu Schott, aliyeipa jenasi hii jina mwaka 1856, aliunganisha zamia, mmea mwingine wenye majani yafananayo na haya, na culcas, neno lenye asili ya Kiarabu, qulqas, yaani magimbi. Na kweli, mmea huu na magimbi ni wa ukoo mmoja. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi, ukaenea katika ofisi na sebule za dunia. Lakini kwao ni huku: huota porini kutoka Kenya, kupitia Tanzania, hadi Afrika Kusini. Ulitoka kwetu, ukaturudia na herufi mbili.

Si kwamba haukuwa na jina. Mwaka 1981 nilikuwa katika chuo cha ualimu, nami wakati wa likizo nilikwenda kumsalimu mama kijijini, upande wa Muheza. Tulipopita penye miamba, alisimama mbele ya mmea wenye majani kama haya, akautaja kwa Kibondei, akanieleza kwamba wazee walitia maji ya majani yake sikioni kutuliza maumivu. (Msomaji asijaribu: utomvu wake huwasha, nami hunawa mikono kila niushikapo.) Nikamjibu kwa kiburi cha mwanachuo, "Mama, hilo si neno la Kiswahili sanifu."

Hakubishana. "Haya, mwalimu," alisema, tukaendelea na safari.

Mama alifariki mwaka 2009. Neno lile nimelitafuta kichwani jioni nyingi, nikiwa nimekaa mbele ya chungu. Nakumbuka sauti yake, kidole chake juu ya jani, na kwamba neno lilikuwa fupi. Zaidi ya hapo, sina. Nilioneshwa dawa ya sikio, nami sikuwa na sikio. Kisha nikaingia darasani, nikawafundisha watoto wa wenzangu kwamba mwacha asili ni mtumwa, nikawapa alama kwa kuifafanua vizuri.

Lugha sanifu niliyoitetea siku ile imejengwa kwa maneno ya watu kama mama, yaliyookotwa na waliokuwa na subira ya kuyasikiliza. Lile moja nililopewa mimi sikuliokota. Ndiyo maana nimetunga ubeti huu, niusome kila ninapomwagilia:

Mmea u sebuleni, mimi silijui jina,
Mama yuko kaburini, hawezi kunena tena,
Nililitupa njiani, kwa ujinga wa ujana,
Wenye wazee nyumbani, waulizeni majina.