Toleo jipya limefika, lakini nani kaambiwa?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikuwa narekebisha kosa langu mwenyewe, na nimeona nilisimulie, maana wengi wenu mnaotengeneza programu mtakutana nalo.

Kuna chama cha akina mama kilichoanzia Kibera. Julai 2018, nyumba nyingi za Kibera zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, baadhi ya wanachama walihamia Kawangware. Chama hakikuvunjika. Kila Jumapili wanakutana makundi mawili, moja huku na moja kule, ila hesabu ni moja. Katibu yuko Kibera, mweka hazina yuko Kawangware. Daftari moja haliwezi kukaa mahali pawili, ndipo wakaniomba niwatengenezee daftari la simu.

Nikawaundia PWA, yaani tovuti inayokaa kwenye simu kama programu. Jina hilo lilibuniwa mwaka 2015 na Frances Berriman na Alex Russell. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kwenda duka la programu, inachukua nafasi ndogo, na inafunguka hata bando likiisha. Kwa mtu anayenunua bando la siku moja, hilo ni jambo kubwa.

Sasa kosa. Faini ya kuchelewa kwenye chama hiki ni shilingi 50. Niliandika mstari mmoja vibaya: mtu akilipa mchango wake kwa mafungu mawili, faini yake ilihesabiwa mara mbili. Katibu akaligundua, akanipigia Jumatatu. Jioni ile ile nikarekebisha, nikapandisha faili kwenye seva, nikajaribu kwenye simu yangu, sawa kabisa. Nikalala usingizi mzuri.

Jumapili jioni simu ikalia. Kawangware wamehesabu pesa zote: 41,300. Simu ya mweka hazina inasema 42,650. Wamempigia katibu Kibera, na simu yake inasema 41,300. Pengo ni shilingi 1,350. Ukigawa kwa 50 unapata faini 27, zile zilizohesabiwa mara mbili. Lakini mle chumbani hakuna aliyekuwa akigawa kitu. Mmoja alisema mweka hazina amekula pesa. Mwingine akasema baya zaidi: amepatana na katibu, na katibu ameshapunguza hesabu upande wa Kibera ili wasijulikane.

Nikapanda matatu ya 46 mpaka Kawangware. Mama yule alikuwa ameketi kimya, simu iko mezani. "Kijana wangu," akaniambia, "nimeweka pesa za hawa watu miaka mingi. Leo naitwa mwizi na simu yangu mwenyewe."

Sikuwa na la kusema. Niliwaeleza wanachama kwamba kosa ni langu, tukapitia faini zote 27 kwa kalamu na karatasi mpaka saa tatu usiku. Mama akasafishwa jina. Nilirudi nyumbani nikijiuliza: nilirekebisha Jumatatu, mbona Jumapili simu yake bado ina hesabu ya zamani?

Jibu ni hili. Nyuma ya PWA kama hii kuna kijiprogramu kiitwacho sevisi woka, ambacho ndicho kinachotunza faili ndani ya simu. Ukurasa ukifunguliwa, kivinjari hulinganisha faili la sevisi woka lililoko kwenye seva na lile la kwenye simu, baiti kwa baiti. Yakitofautiana, kipya kinapakuliwa. Lakini hakishiki kazi. Kinasubiri mpaka kurasa zote zinazotumia cha zamani zifungwe. Kupakia ukurasa upya hakutoshi. Na nani anafunga programu kwenye simu? Mama anabonyeza kitufe cha nyumbani, kesho anarudi pale pale alipoachia. Toleo langu jipya huenda lilikaa ndani ya simu yake wiki nzima likingoja zamu.

Wepesi mtaniambia: weka skipWaiting() mwanzoni, kipya kishike kazi papo hapo. Nilijaribu. Hesabu inabadilika mtu akiwa katikati ya kuandika, na hajui kwa nini. Hiyo ndiyo shutuma ile ile ya Kibera: nambari imepungua kimya kimya.

Kwa hiyo nikaweka tangazo. Sizungumzii arifa zinazolia simu ikiwa mfukoni, ni utepe tu juu ya ukurasa. Kipya kikishapakuliwa na kinasubiri, utepe unatokea. Mtu akibonyeza, ukurasa unahifadhi kwanza alichokuwa anaandika, kisha unamwambia kile kinachosubiri kiite skipWaiting(), na tukio la controllerchange likifika ukurasa unajipakia upya, mara moja tu. Pia kila programu inaporudi mbele ya macho, naita registration.update() ili isingoje kufunguliwa upya.

Utepe wa kwanza uliandikwa "Toleo jipya lipo. Sasisha." Wiki mbili hakuna aliyebonyeza. Nilipouliza, mama mmoja akanijibu: "Kusasisha ndio nini? Nikibonyeza si nitakatwa pesa?" Ana haki. Mjini hapa ujumbe usioeleweka unaokwambia bonyeza hapa mara nyingi ni wa matapeli.

Sasa unasema hivi: "Tumerekebisha hesabu ya faini. Ilikuwa inahesabu mara mbili. Bonyeza upate hesabu sahihi. Hukatwi pesa." Wote walibonyeza siku ile ile.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani kusasisha programu ni kazi ya mimi na seva. Kumbe katika chama huwezi kubadilisha kanuni ya faini bila kikao, na mimi niliibadilisha Jumatatu usiku peke yangu, nikamwambia mtu mmoja tu, katibu. Tangazo ndiyo kumbukumbu ya kikao: limebadilika nini, kwa nini, na wewe umekubali lini.

Nimeongeza pia namba ya toleo chini ya ukurasa, kwa herufi kubwa. Hilo halikuwa wazo langu, ni la mweka hazina. Siku hizi kila Jumapili, baada ya sala na kabla ya kuhesabu pesa, anampigia katibu Kibera na kumuuliza: "Wewe uko namba ngapi?" Namba zisipolingana, hawahesabu.

Haya, kwa leo ni hayo. Nendeni mkaangalie tepe zenu.