Kumtafuta Fundi Umeme, Makorora

Jumapili, 6 Aprili 2025

Friji ya ukumbini inapiga. Wapangaji wameshaizoea, mpaka imekuwa sheria ya nyumba: hakuna kufungua friji bila ndala. Leo mama katoka kutawadha, miguu ina maji, akashika mpini. Mkono ukamganda hadi begani. Alipokaa chini kitu cha kwanza alichosema ni, "Nyumba aliyoijenga baba yako, mwanangu, isije ikaniua."

Mita ya LUKU nayo haieleweki. Umeme wa elfu ishirini haumalizi wiki. Mpangaji wa mbele anamsingizia fundi cherehani kwa pasi yake, fundi cherehani anamsingizia mama wa vitumbua kwa bilenda yake, na mama wa vitumbua anasema wanaokesha na televisheni wanajijua. Juu ya hayo kuna ugomvi wa kila mwezi wa kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU. Nani ailipe, mwenye nyumba au aliyenunua umeme wiki hiyo?

Kesho sikukuu, sina vipindi. Nianze kuuliza fundi.

Jumatatu, 7 Aprili. Siku ya Karume

Kila mtu ana "fundi wangu". Mwenye duka anaye, jirani wa kushoto anaye, shemeji anaye na anamtetea kama ndugu wa damu. Sifa wanazotaja ni zile zile: ni mtu wetu, na bei yake haiumizi. Nikabadilisha swali. Alikufanyia nini hasa? Alipoondoka, tatizo lilirudi? Hapo ndipo watu wanacheka. Shemeji kajibu bila haya: "Likirudi, namwita tena."

Hata hivyo nimemkubalia shemeji amlete wa kwake. Kumkatalia kungeleta maneno kwenye familia.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi wa shemeji kaja saa kumi jioni. Testa ya bisibisi mfuko wa shati, koleo mfuko wa suruali, basi. Hakuuliza meni swichi iko wapi. Alivuta kiti cha plastiki, akapanda, akafungua soketi ya chumba cha fundi cherehani huku umeme unawaka. Soketi yenyewe imeungua, upande mmoja mweusi. Akaitazama, akatazama dari, akateremka.

"Mwalimu, waya zote hizi zimechoka. Milioni moja na laki mbili nakufungia mpya. Nipe laki tatu ya vifaa, kesho naanza."

Nikamuuliza friji inapiga kwa nini. "Friji za mtumba ndivyo zilivyo." Na LUKU? Hapo akashusha sauti: mita anaweza kuifanyia utaratibu ikatulia, elfu themanini tu.

Nimemwambia nitashauriana na mama, nikampa nauli, akaondoka vizuri. Lakini jibu ninalo. Kuchezea mita ni kosa la jinai, na TANESCO wakija kukagua watamkuta mwenye nyumba. Kishoka huyu atakuwa ameshaila elfu themanini yake na simu kaizima.

Alhamisi, 10 Aprili

Baada ya isha nilikaa barazani kwa mzee wa nyumba ya pili. Ujana wake wote ulikwisha kwenye karakana ya shamba la mkonge, akitengeneza mota za mashine za kuchakata. Macho yamepungua, ngazi hapandi tena, lakini kichwa kizima. Nilimsimulia habari za jana. Kusikia soketi imefunguliwa umeme unawaka, akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Fundi usimpime kwa maneno, mwanangu. Mtazame nusu saa ya mwanzo. Asiyezima na asiyepima, mpe maji anywe, aende zake."

Nimeandika mengine aliyosema, nisije nikasahau:

TANESCO kazi yao inaishia kwenye mita. Kutoka kwenye mita kuingia ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Kuwapigia simu TANESCO kwa sababu friji inapiga ni kuwaonea.

Cheti cha VETA na leseni ya EWURA ni vitu viwili. Cheti kinasema mtu amesoma. Leseni inasema anaruhusiwa kufanya kazi hiyo na kwamba akiharibu kuna mahali pa kumshitaki. Leseni zina madaraja, kama A, B, C, D na W, na kila daraja lina mipaka yake. Kuomba kuiona si kumtukana mtu.

Anayetaka pesa ya vifaa mkononi, mwambie mtakwenda dukani pamoja. Uso wake utakujibu.

Nikamuuliza, sasa huyo mwenye leseni nampata wapi, maana mitaani hawatembei na mabango. Akasema niulize watu waliovutiwa umeme karibuni. Maombi ya umeme mpya hayaendi bila mkandarasi mwenye leseni kuthibitisha wayaringi. Kwa hiyo kila aliyeunganishwa mwaka jana ana namba ya mmoja.

Jumamosi, 12 Aprili

Fundi wa pili, wa jirani. Saa tatu: "Nipo njiani." Saa tano: "Nimefika Chumbageni." Saa nane: simu haipatikani. Nguo sikufua, sokoni sikwenda. Mvua imenyesha toka asubuhi na ukuta wa uani umelowa mpaka dirishani.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwalimu mwenzangu aliyehamia kwake mwaka jana kanipa namba ya mkandarasi wake. Mkandarasi kamtuma kijana wake, na kabla kijana hajafika kanipigia mwenyewe kusema nani anakuja, na kwamba kukagua ni elfu kumi, ambayo inaingia kwenye ufundi nikiwapa kazi. Hakuna aliyewahi kuniambia bei ya kukagua. Kwa wengine kukagua ni bure, halafu unalipia ujinga wako kwenye vifaa.

Kijana kavua viatu mlangoni, kamwamkia mama, kisha kauliza: meni swichi iko wapi, nyumba ina umri gani, nani alishika umeme huu mara ya mwisho. Leseni ya bosi wake katoa nakala kabla sijaomba.

Alichofanya baadaye nimekitazama hatua kwa hatua. Aliwaomba wapangaji wote wachomoe kila kitu na kuzima taa. Wamelalamika, wamechomoa. Tukasimama mbele ya LUKU. Kile kitaa chekundu kinachomwekamweka kadiri umeme unavyotumika kilitakiwa kitulie. Hakikutulia. Kilikaa, kikamweka. Kikakaa, kikamweka tena. Nyumba nzima haitumii kitu na mita inahesabu. Mama wa vitumbua akamtazama fundi cherehani, fundi cherehani akatazama chini. Hakuna aliyesema neno.

Kijana akachomoa fyuzi moja moja. Alipotoa ya uani, kitaa kikatulia.

Waya wa taa ya choo unapanda ndani ya ule ukuta uliolowa. Alizima meni swichi, akapima kwa kipimo chake kuhakikisha pamekufa, ndipo akabandua plasta kidogo. Kiungo kimefungwa kwa kipande cha rambo badala ya tepu. Akacheka: "Hiki kina miaka, mwalimu. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019." Umeme ulikuwa unatokea hapo kuingia kwenye ukuta mbichi na kushuka ardhini, usiku na mchana. Kwa kipimo chake, robo ya ampea. Mzee nilipompelekea hesabu jioni alizidisha kwa kichwa: volti 230 mara robo, kama wati 57, kwa saa 24, kwa siku 30. Uniti zaidi ya 40 kwa mwezi zinanywewa na ukuta.

Fyuzi ya uani haikukatika kwa sababu robo ampea kwake si kitu. Na hata ingekuwa kitu isingekatika: mahali pa ule uzi mwembamba wa fyuzi pamefungwa waya wa shaba mnene, nyuzi kadhaa zimesokotwa pamoja. Ndiyo "dawa" ya fundi fulani wa zamani. Chumba cha fundi cherehani nacho kilitibiwa hivyo hivyo. Soketi iliungua mpaka ikawa nyeusi, fyuzi imetulia tu.

Tatizo la friji si kuwa ya mtumba. Waya wake wa nyuma umechubuka na unagusa bodi. Soketi zetu zote zina matundu matatu, lakini lile la tatu halina waya wowote nyuma yake. Huko nje chuma cha athi kipo, ila kile kishikizo cha kuunganishia waya kimeliwa na kutu chote, hewa ya bahari hii. Umeme ukivuja kwenye bodi ya friji hauna njia ya kushukia, unasubiri mtu mwenye miguu iliyolowa.

Kaandika orodha kwenye karatasi, vifaa upande mmoja na ufundi upande mwingine. Hajasema waya zote zibadilishwe. Vyumba viwili vya mbele kavipima kwa kipimo cha mega na waya zake bado nzima. Vitavutiwa waya wa athi tu.

Jumatano, 16 Aprili

Dukani pamoja naye. Muuzaji wa kwanza alitutolea waya wa milimita 2.5 kwa bei nzuri ajabu. Kijana kaomba kisu, kakwangua ncha. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe: alumini iliyopakwa. Karudisha kimya kimya, tukatoka. Duka la pili kakwangua tena, ndani shaba tupu, kaangalia na alama ya TBS kwenye kifungashio. Milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Breka za kuchukua nafasi ya zile fyuzi, na moja kubwa kidogo ambayo kazi yake ni kukata umeme unapovuja, miliampea 30. Hiyo ndiyo ghali kuliko vyote na ndiyo aliyokataa tuipunguze. "Mwalimu, ukitaka kubana pesa, bana kwenye urembo wa swichi. Hii iache."

Risiti zote za mashine, kwa jina langu. Hakuomba cha juu.

Jumamosi, 19 Aprili

Kazi imefanyika leo, wawili, toka saa mbili mpaka magharibi. Umeme ulizimwa mchana kutwa, mama wa vitumbua kahamishia bilenda kwa jirani kwa manung'uniko. Kiungo cha choo kimetolewa chote, waya umepitishwa kwenye paipu juu ya ukuta, si ndani yake. Chuma kipya cha athi kimepigiliwa uani, na waya wake kijani na njano umefika kila soketi. Friji imewekewa waya na plagi mpya.

Kabla hawajafunga boksi kijana kamwita mama aje abonyeze mwenyewe kile kitufe cha kujaribia, chenye herufi T. Tak, nyumba ikazimika. Kamwelekeza: kila mwezi abonyeze hivyo, isipozimika apige simu. Mama kafurahi kama aliyepewa funguo za gari. Kisha kijana kaandika kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa boksi: mbele kulia, mbele kushoto, ukumbi, fundi cherehani, uani. Baba alikaa na boksi lile maisha yake yote bila kujua ipi ni ya wapi.

Nimelipa ufundi nusu. Nusu tumekubaliana baada ya mvua kubwa moja, tuone.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imepiga toka Alhamisi, uani ziwa. Breka haijakatika. Umeme wa elfu ishirini umevuka wiki na bado upo. Mama hushika friji peku, nami nimeacha kumkataza.

Hesabu: vifaa 418,500, ufundi 170,000 ukitoa ile elfu kumi ya kukagua. Nimemalizia nusu iliyobaki asubuhi. Jumla haijafika hata nusu ya ile milioni na laki mbili, na ile isingegusa athi wala kile kiungo cha choo, kwa sababu aliyeitaja hakupima chochote.

Dada wa Korogwe kapiga, anataka namba ya fundi, kwake taa zinapepesa. Nimempa, lakini nimemwambia namba haitoshi. Aombe leseni. Akubaliane bei ya kukagua kabla. Aende dukani pamoja naye. Asimame pale wakati anapima, na abakize pesa mpaka kazi ijaribiwe. Fundi mzuri haya hayamkeri. Anayekereka, asimpe hata balbu kubadilisha.