NAFASI ISIYOEGESHA KITU



Leo sianzi na andiko. Naanza na viberiti tisa na kipande cha mbao.

Kijana wangu ana miaka kumi na miwili na anapenda treni kupita kiasi. Likizo hii alinionyesha mchezo uliobuniwa na Mwingereza aliyeitwa Alan Wright. Unaitwa Inglenook Sidings. Ni reli ndogo ya kuchezea inayoweza kukaa juu ya rafu. Treni yake haisafiri popote; kazi ni kupanga mabehewa tu. Kuna njia tatu za kuegesha: moja inabeba mabehewa matano, na mbili zinabeba matatu matatu. Mabehewa yote ni manane. Unapiga kura, yanatoka matano, kisha injini lazima iyapange kwenye ile njia ndefu kwa utaratibu uleule yaliyotoka. Unaona ni kitu kidogo? Treni tofauti zinazoweza kutakiwa ni 6,720!

Reli ya kununua ni ghali, kwa hivyo tulichora yetu kwa chaki kwenye mbao iliyobaki tulipotengeneza madhabahu. Viberiti vinane vikawa mabehewa. Cha tisa tukakifunga karatasi nyekundu, kikawa injini. Sheria ni moja: kila kitu kinafuata mstari, hakuna kuruka.

Mimi ndiye nilichora. Nikatumia karibu mbao yote kwa njia za kuegesha, kwa sababu nilitaka mabehewa mengi yakae. Pale mwanzo, kabla njia hazijagawanyika, nikaacha nafasi ya injini peke yake. Kijana akasukuma, akavuta, kisha akaniangalia.

"Baba, hii haiwezi kufanya kazi. Injini ikivuta behewa, behewa linabaki katikati ya njia panda. Haliwezi kuhamia njia nyingine."

Alikuwa amesema kweli. Kwenye mchoro wa yule Mwingereza, kipande hicho cha mwanzo kina nafasi ya injini na mabehewa matatu. Hakuna behewa linaloegeshwa hapo. Ukikitazama unadhani ni mahali palipopotea bure, lakini kila behewa linalobadilisha njia lazima lipitie hapo. Tulifuta chaki. Nikafupisha njia zangu ndefu, nikarefusha ile tupu. Ndipo mchezo ukaanza.

Mpendwa, usiku ule sikulala vizuri. Jumatatu nina kamati. Jumanne ni ushirika wa nyumbani, Jumatano maombi ya mchana, Alhamisi kutembelea wagonjwa, Ijumaa kesha, Jumamosi harusi au mazishi, Jumapili mnajua wenyewe. Mwezi wa saba mke wangu aliniambia, "Kijana alikuwa anakaa macho akikungoja. Siku hizi ameacha." Nilimjibu kwamba kazi ya Mungu ni nyingi. Jibu hilo lilikuwa la kiroho sana, na lilikuwa la uongo. Nilikuwa nimechora maisha yangu kama ile mbao: njia zote zimejaa, na hakuna pa kugeuzia hata behewa moja.

Kwa hivyo nikaondoa Jumatatu. Nikawaeleza wazee wa kanisa, nikazima simu. Sitawaficha gharama yake. Jumatatu ya pili, dada mmoja wa kanisa letu alifiwa na mama yake, akanipigia, hakunipata. Nilifika kwake Jumanne asubuhi. Nilimwomba msamaha, na bado najua aliumia. Sasa mzee mmoja anashika simu yangu siku hiyo, na kukiwa na jambo la dharura anakuja kubisha mlangoni. Lakini Jumatatu sijairudisha kwa kamati.

Soma Marko 6 kuanzia mstari wa 31. Watu walikuwa wakija na kwenda, hata wanafunzi wakakosa nafasi ya kula, na Yesu akawaita kando wapumzike. Umati ukawatangulia huko huko. Je, aliwafukuza? Hapana. Aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha. Lakini endelea mpaka mstari wa 46. Baada ya hayo yote aliagana nao, akapanda mlimani peke yake kuomba. Nafasi yake iliingiliwa, naye akaitafuta tena.

Wewe je? Labda unamwomba Mungu akuongezee: kazi, biashara, huduma. Ni vizuri kuomba. Lakini akikupa leo, ataipitisha wapi? Chukua karatasi, chora wiki yako. Tafuta kipande kisichoegesha kitu. Usipokipata, futa kitu kimoja kabla hujaomba kingine.

Jumatatu iliyopita tulipanga mabehewa matano mpaka saa tatu usiku. Kijana alinishinda.

Baba, tufundishe kukuachia nafasi, sisi na nyumba zetu. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema Amina.