Mkono juu ya kichwa

Januari 1979, balozi wa nyumba kumi alipita kwetu Mjimwema akamkuta baba ananoa jembe. Hata kigoda alikikataa. "Ndugu, huyu kijana wa mbuzi kesho awe shuleni. Siku hizi ni sheria."

Sheria yenyewe, Sheria ya Elimu ya Tanzania Na. 25 ya 1978, ilikuwa changa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Sheria ikakaza uzi: kuanzia miaka 7 hadi 13 shule ni lazima, na mzazi mkaidi atajibu mahakamani.

Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. "Pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto," mwalimu aliniambia. Vidole vikagusa ncha ya sikio, naye akaandika jina langu. Rafiki yangu, aliyenizidi umri lakini mwenye mikono mifupi, akarudishwa kuchunga.

Tulikaa sakafuni, tukifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa UPE; watani walisema ni Ualimu Pasipo Elimu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha nilikuwa namsomea baba barua za mjomba.

Miaka ya 1990 mdogo wangu wa kike alirudishwa nyumbani mara tatu katika muhula mmoja. Ada na michango. Baba akauza debe la mahindi, mara ya tatu hakuwa na la kuuza. Shule ilikuwa bado lazima kisheria, lakini balozi hakuja kumtafuta.

Ada ya msingi ilifutwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza, na mwaka 2002 binti yangu aliingia darasa la kwanza bila senti ya ada. Mwaka 2016 ikaondolewa hadi kidato cha nne. Sera ya elimu iliyozinduliwa 2025 inataka elimu ya lazima iwe miaka 10, mtoto akianza na miaka 6.

Mjukuu wangu ana hiyo sita. Nilimwambia apitishe mkono juu ya kichwa; haukufika sikioni. "Babu, mwalimu aliangalia cheti," akanijibu.

Nimeishi chini ya lazima tangu utotoni. Iliyonipeleka mimi shule ni hofu ya mahakama. Kilichombakiza binti yangu darasani ni kufutwa kwa ada. Wanaoongeza miaka ya lazima, basi, wahesabu na madawati.