Ruhusa ya Siku Saba

Kuna jambo ambalo sisi tunaosimamia kompyuta za chama chetu cha kuzikana hapa London tulipaswa kuwaeleza kwa maandishi tangu mwaka 2024. Tulilisema kwa mdomo ukumbini, tukaomba radhi, watu wakala pilau wakaondoka. Lakini wengi hamkuwepo siku ile, na tangu hapo tumeulizwa msikitini, kanisani, hata ndani ya basi, kwamba ilikuwaje. Ilikuwa hivi.

Februari 2023 alifariki mzee wetu mmoja, na familia ikataka azikwe kwao Tanga. Aliyewahi kusafirisha maiti kutoka nchi hii anajua kwamba kilio kinasubiri karatasi: cheti cha kifo, barua ya koroni ya kuruhusu maiti kutoka Uingereza, cheti cha dawa ya kuhifadhi mwili, pasipoti ya marehemu. Nakala za karatasi hizo tulikuwa nazo katika hifadhi ya chama ya mtandaoni, yaani zile kompyuta za kukodi ambazo wenye kazi yao huziita wingu. Mdogo wake marehemu alikuwa Tanga na alizitaka usiku ule ule. Mfumo ukamwambia aandike tarakimu za siri zitakazotumwa kwenye simu yake. Hazikufika. Tukazituma tena, hazikufika. Kwetu ilikuwa saa saba ya usiku, kwao saa kumi alfajiri, nyumba nzima iko macho, na wanatuuliza sisi wasomi wa Ulaya tunashindwa nini.

Kanuni yetu ilikuwa fupi: hakuna kabati la chama litakalofunguliwa kwa mtu asiye na nywila. Wala hatukuiandika kwenye daftari tu. Tuliipachika ndani ya mfumo wenyewe, hata sisi tukijaribu kuivunja mfumo unakataa. Lakini mifumo ya namna hii ina njia ya kuomba kupita pembeni. Unataja kanuni, unataja kabati, unaandika sababu na tarehe ya mwisho. Tukaandika: msiba, siku saba. Mfumo ukakubali. Tukalifungua kabati, tukatuma anwani yake Tanga, tukaenda kulala saa mbili kabla ya kwenda kazini. Mzee akasafirishwa, akazikwa na wazee wake.

Kosa la kwanza tulilifanya usiku ule ule. Kabati lilikuwa moja. Karatasi za marehemu zilikuwa nne, lakini pembeni yake zilikuwemo nakala za pasipoti na kadi za ukaazi za familia zaidi ya 60. Tungeweza kutengeneza kabati jipya na kuweka humo zile nne peke yake. Ni kazi ya dakika kumi.

Kosa la pili ndilo lililotufanya tuandike makala haya, maana hata wenzetu wanaokula mshahara kwa kazi hii tumewakuta hawalijui. Siku ya saba ruhusa yetu ilikufa, kama tulivyoandika. Mlango haukujifunga. Sisi tulidhani tarehe ikifika kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Sivyo. Kanuni ya kukataa humsimamisha mtu pale anapounda kitu au anapokibadilisha. Kitu ambacho kimeshaundwa wakati wa ruhusa hakiguswi, kinaachwa palepale, na mfumo unaandika tu kwenye orodha kwamba hiki hakifuati kanuni. Katika Azure ya Microsoft, kwa mfano, ruhusa iliyopita tarehe haifutwi hata yenyewe: inabaki kama kumbukumbu, ila haiheshimiwi tena. Kwa hiyo kule kwetu palikuwa na alama ndogo ikisema tangu Februari 2023 kwamba kabati la misiba liko wazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na zamu ya kusoma orodha ile. Aliigundua kijana mmoja Aprili 2024, akitafuta kitu kingine kabisa. Miezi 14.

Sisi, wa kushangaa haya! Nani asiyejua hapa Ukerewe kwamba viza ikiisha mtu hapotei? Kati yetu wapo waliobeba boksi na stampu iliyokwisha, wapo waliojilipua, wapo waliokaa miaka na barua ya ruhusa maalumu, maana nchi hii iliwahi kuwapa watu ukaazi wa namna hiyo nje ya kanuni zake za ukimbizi mpaka Aprili 2003 ilipoubadilisha jina na masharti. Tarehe ilikuwa inafika asubuhi, na mchana watoto wanakwenda shule kama kawaida. Na zile kadi za plastiki je? Nyingi ziliandikwa mwisho wake 31 Desemba 2024, hata za watu wenye ukaazi wa kudumu, kwa sababu serikali ilikuwa inahamia kwenye viza za mtandaoni. Tarehe ya kadi ilikuwa kitu kimoja na tarehe ya haki ya mtu kitu kingine. Kisha serikali yenyewe ikatoa ruhusa ya muda, kwamba kadi iliyokwisha ikubaliwe uwanja wa ndege mpaka 31 Machi 2025, halafu ikasogeza mpaka 1 Juni. Tuliokuwa Dar wakati huo tunakumbuka tulivyokuwa tunamwonyesha mtu wa kaunta maelezo hayo kwenye simu, jasho linatutoka.

Ustadh mmoja tuliyemsimulia mkasa wetu alicheka kidogo, akasema neno lenyewe tulikuwa nalo mdomoni. Ruhusa ni rukhsa ya Kiarabu, na katika fikihi ina milango yake. Msafiri hufupisha sala ya rakaa nne ikawa mbili, na Ramadhani anaweza kula. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, basi si msafiri tena. Na ile saumu aliyoila ni deni, atailipa. "Nyinyi mliandika siku," akatuambia, "lakini hamkuandika nani atalipa." Hilo lilituingia kuliko vitabu vyote vya kompyuta.

Maana ruhusa za muda zenyewe si dhambi, hata kwa siri za watu. Wauguzi na walezi tulio nao wanakumbuka Machi 2020, waziri wa afya alipotoa ilani za kuruhusu habari za siri za wagonjwa zitumike na kugawanwa bila kila mgonjwa kuombwa idhini, ili kupambana na korona. Ziliwekwa mpaka 30 Septemba 2020. Zikasogezwa mpaka Machi 2021, zikasogezwa mpaka Septemba, zikasogezwa mpaka Machi 2022, mwisho mpaka 30 Juni 2022, zikakoma. Mtu anaweza kulalamika kwamba miezi sita iligeuka miaka miwili na zaidi, na sisi tulilalamika. Lakini kila aliyesogeza ilibidi aandike tena na aweke tarehe mpya, watu wakaiona. Na zilipokoma, aliyekuwa ameshika habari zile alitakiwa kujieleza anazishika kwa sheria gani nyingine. Hata kodi ya mapato inayokata mishahara yetu, iliyorudishwa na Peel mwaka 1842 kwa miaka mitatu tu, mpaka leo kisheria inaisha kila tarehe 5 Aprili na Bunge linabidi liitoze upya. Wanaipitisha kila mwaka, sawa, lakini wanaulizana.

Sisi hatukuulizana. Kijana alipotupigia simu tulifunga kabati katika dakika mbili. Halafu tukakaa jikoni kwa mmoja wetu, mitaa ya Barking, tukiangaliana. Sheria inampa mwenye kutunza habari za watu saa 72 tangu ajue kumevuja kuiarifu mamlaka inayosimamia habari za watu, na wenye habari zao waambiwe ikiwa hatari ni kubwa. Tuliandika taarifa usiku huo. Kilichotuumiza ni swali moja la kwenye fomu: ni nani aliyeingia? Hatukuweza kujibu. Daftari la waingiaji lilikuwepo katika mfumo, kuwashwa tu ndiko hatukuliwasha, tulitaka kupunguza gharama.

Tukaanza kupiga simu familia moja moja. Wengine walituonea huruma. Wengine walitutukana, haki yao. Kuna mama mmoja, mtu mzima, tulimfuata nyumbani kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi kwa simu kwa mtu wa umri wake. Tukamwamkia, akaitikia, akatuwekea chai. Tulipomaliza kusema alikaa kimya muda mrefu.

"Wanangu," akasema, "kadi ile nimeihangaikia miaka kumi na moja. Nimelala mahali pasipolalika. Nyinyi mmeiacha mlangoni miezi kumi na minne, halafu mnanijia na neno mfumo."

Tulimwambia samahani, Mama. Akasema ameshasikia, tunywe chai.

Tangu siku hiyo tumebadilisha mambo machache, na tunayaandika hapa ili mtubane. Hakuna ruhusa inayotolewa bila jina la mtu mmoja atakayefunga kwa mkono wake, si kamati, mtu. Anafunga, kisha mwingine anajaribu kuingia kutoka nje bila nywila, na akishindwa ndipo tunaandika kwamba imekwisha. Kinachofunguliwa ni kile kilichoombwa peke yake, hata kama ni saa saba ya usiku. Akitaka kuongezewa siku, anaomba upya na anaandika sababu upya, na akiomba mara ya tatu tunajua kanuni yenyewe ndiyo yenye kasoro, inakwenda kwenye mkutano. Orodha ya vitu visivyofuata kanuni inasomwa kila Jumatatu, na zamu imebandikwa. Daftari la waingiaji limewashwa. Linatugharimu hela kidogo kila mwezi, mtaliona kwenye hesabu.

Baadaye tukapata msiba mwingine, safari hii wa kupeleka Mombasa. Tukafungua kabati jipya la karatasi nne kwa siku tatu, kwa jina la kaka mmoja anayefanya kazi ya usiku hospitalini. Siku ya tatu alitupigia katikati ya zamu, akinong'ona, kwamba ameshafunga, na je, kuna mtu wa kujaribu mlango? Tukajaribu. Ukakataa.

Yule Mama bado analipa ada yake kila mwezi, tena kabla ya wengi wetu. Ila nakala za karatasi zake aliziondoa kwetu na hajazirudisha. Kila tukikutana naye tunamwamkia, wala hatumuulizi.